Safu ya Sababu

Daftari la zahanati lina safu sita:
tarehe, jina, umri, kitongoji, sababu, dawa.
Safu ya sababu ni nyembamba, upana wa vidole viwili,
na kalamu yangu imezoea kudanganya humo.

Jumatatu: Mnyawami, miaka arobaini na moja.
Nimeandika, "ameanguka na baiskeli."
Barabara ya kwenda Bahi imenyooka kama uzi wa fundi,
haina hata jiwe la kujikwaa.

Jumatano: mtoto wa Sechelela, kilo moja na nusu.
"Njiti," nimeandika.
Mama yake alisukuma huku pumzi ikinuka kimea.

Ijumaa: mzee Chedego,
tumbo limejaa maji kama kiriba,
macho manjano, alizeti ya mwezi wa tano.
"Ini."
Neno la herufi tatu. Safu ikatosha.

Hakuna mahali pa kuandika pombe.
Niliuliza wilayani, kwenye semina.
Bwana mmoja mwenye tai akanijibu,
"Sista, pombe si ugonjwa. Andika ugonjwa."
Tukapewa soda na posho, tukarudi.

Ng'ambo ya uwanja, ofisini kwa mtendaji,
kuna daftari jingine, jalada jekundu.
Mle pombe ina safu yake, pana, imepigwa rula:
Kilabu cha Ndalu, madebe kumi na mawili, ushuru umelipwa.
Mama Mbeleje, madebe tisa, anadaiwa.
Mwisho wa mwezi hujumlishwa, muhuri ukagongwa.

Na mabati haya juu ya kichwa changu
yalinunuliwa na daftari lile.
Nilikuwepo siku ya makofi. Nilipiga makofi.
Mvua ikinyesha, mara chache inapokumbuka kwetu,
nayasikia yakinihesabia madebe.

Sisemi kama mtakatifu.
Mama yangu alipika ujimbi miaka kumi na minne.
Aliloweka uwele, akauotesha, akauanika juu ya tembe,
akausaga usiku ili mchana awahi shamba.
Ada ya chuo cha uuguzi ilitoka ndani ya mtungi ule.
Kila sindano ninayodunga
ina tone la mtu aliyelala njiani.

Lakini ule mtungi ulingoja mavuno.
Ukikauka, ngoma imekwisha, watu wakalale.
Hii ya sasa haimngoji mtu.
Inakuja kwa bodaboda, ndani ya chupa za plastiki,
bei ya mayai mawili.
Viroba vilipopigwa marufuku tulishangilia;
kumbe kilichokatazwa ni mfuko, kiu kikahamia kwenye chupa.
Saa za kufungua kilabu zimebandikwa ukutani kwa Ndalu,
karatasi imepauka kwa jua,
na msumari ulioishika
ndio anaotundikia kopo la kupimia.

Mwezi uliopita, mkutano wa kijiji, nilisimama
nikasoma mwaka mzima.
"Baiskeli," nikasema.
Kijana mmoja nyuma akaitikia, "Pombe!" Wakacheka.
"Kaungua na jiko." "Pombe!"
"Kaacha dawa za kifua kikuu." "Pombe," sauti zikipungua.
"Ini," nikasema.
Hakuna aliyeitika.
Mjane wa Chedego alikuwa amekaa mkeka wa mbele.

Mtendaji akakohoa: ajenda inayofuata, choo cha shule.
Fedha zitatoka wapi?
Tukatazama wote, hata mimi, jalada jekundu.

Leo asubuhi nimeazima rula ya mwanangu,
nikachora safu ya saba. Kwa penseli,
maana mkaguzi haji kwa miadi.
Kichwa chake bado sijaandika.

Mnyawami amerudi, kiwiko kimechanika.
"Baiskeli tena," amesema.
"Baiskeli ipi? Si uliiuza tangu Mei?"
Akacheka. Akanyamaza.
Kisha akainama, akaiokota kalamu yangu
iliyokuwa imeanguka sakafuni,
akaifuta vumbi kwa shati, akanipa.